Jogoo wa Kurasa Kumi na Moja

Yai la tisa nalo lilikuwa tupu.

Mwalimu alilishika kwa vidole vitatu juu ya tundu la boksi, tochi ikimulika kwa chini, akaligeuza taratibu, akaligeuza tena upande wa pili, utadhani mishipa ilikuwa imejificha nyuma ikimtania. Hakuna kitu. Mwanga ulipita ndani ya yai bila kizuizi, njano safi toka juu hadi chini. Yai lililopata mbegu ya jogoo, likiatamiwa siku saba, huonyesha doa jekundu katikati na mishipa myembamba inayotambaa pande zote kama mizizi ya mche. Haya tisa hayakuwa na doa wala mzizi. Yote viza.

Alizima tochi akabaki ameketi gizani. Ilikuwa Jumapili saa nne asubuhi, jua limeshapamba moto huko nje, ila dirisha la stoo lilikuwa limezibwa kwa blanketi ili mayai yaonekane vizuri. Hakulia. Alikuwa amefundisha michezo shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja, na alikuwa ameshapeleka timu nyingi kushindwa bila kudondosha chozi. Lakini alijua kwamba akisimama upesi yatatoka.

Tuelewane kuhusu kuku wenyewe, maana watu wengi wakisikia neno jogoo, mawazo yao hukimbilia jikoni. Jogoo wa kawaida huwika sekunde tatu, nne akijitahidi, kisha anaendelea na shughuli zake. Hawa wa Mwalimu walikuwa wa aina ya wawikaji warefu, kuku wa fahari, adimu kupita kiasi. Jogoo wao akianza hasimami. Hupandisha sauti, akaishika, akaivuta na kuivuta, huku shingo ikishuka polepole mpaka mdomo unakaribia kugusa ardhi, na sauti haikatiki mpaka pumzi yote imwishe. Wapo wanaoanguka ubavu. Huinuka, wakajikung'uta, wakaondoka kwa maringo, na ole wako ucheke.

Mumewe, fundi baiskeli, ndiye aliyeanza ufugaji huu. Alipewa jozi moja na mteja mzee aliyekuwa anahama mji, na kwa miaka ishirini na minne akachagua, akapandisha, akavisha pete za rangi miguuni ili ajue nani mtoto wa nani. Alipofariki, miaka sita iliyopita, alimwachia mkewe banda, daftari la sekunde za kila jogoo, na Pumzi, jogoo mweusi mwenye shingo ya rangi ya shaba aliyewahi kuwika sekunde ishirini na moja. Kwa miaka sita yote sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha Mwalimu. Siku ambazo nyumba ilimwelemea kwa ukimya, alikuwa anatoka uani na kumngoja Pumzi awike, kisha anarudi ndani anaweza kula.

Sasa Pumzi alikuwa amekufa kwa uzee, siku kumi na sita zilizopita, na hakuacha jogoo nyuma yake. Walibaki tetea wawili wa miaka mitano, mmoja mwenye pete nyekundu, mwingine ya kijani, wote wakiwa kwenye utagaji wao wa mwisho. Tetea anaweza kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki moja au mbili baada ya jogoo kuondoka, kwa hiyo Mwalimu aliyaokota yote tisa ya siku zile na kuyaweka chini ya Yaya, kuku wa kawaida mnene, mkali kama askari wa zamu, ambaye alikuwa haoni yai bila kulilalia. Mayai yale ndiyo yalikuwa tumaini lote. Kumbe Pumzi alikuwa ameishiwa mbegu kitambo, anawika tu.

"Hodi humu! Wenyewe mpo au mmehama?"

Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyerithi karakana ya baiskeli. Kila Jumapili alikuja na mkate, akanywa chai, akasema maneno ya wiki nzima. Inafaa kusemwa kwamba kaka yake alipokuwa hai mtu huyu alikuwa haongei. Angekaa kwenye kiti hichohicho tangu saa nne hadi saa saba, na yote utakayoyasikia kwake ni "ndiyo kaka" na "asante shemeji". Baada ya mazishi maneno yakaanza kumtoka, mwanzo kidogokidogo, kisha kwa ndoo, na sasa hakukuwa na wa kuyazuia.

"Nipo stoo," Mwalimu alijibu. "Nenda kakae, nakuja."

Alitoka na bakuli la mayai, akaliweka mezani mbele ya mkate. Shemeji akalitazama.

"Leo tunakula mayai?"

"Ukipenda. Yote viza." Akavuta kiti. "Basi, shemeji. Ukoo umeisha. Miaka thelathini ya kaka yako imeishia kwenye bakuli hili."

Mwalimu alimmiminia chai.

"Si kuna wengine wanaofuga kuku hawa?" shemeji akauliza.

"Wapo, huko mbali, wa damu zao. Damu hii ilikuwa hapa tu. Tetea ninao wawili, na yule wa kijani bado anataga siku moja anapumzika moja. Ana wiki tatu hivi, kisha sidhani kama atataga tena maishani. Nikipata jogoo wa ukoo huu leo, napona. Nikimpata baada ya mwezi, namtazama tu. Na simpati, kwa sababu wote tumewala."

Hilo la kula lilikuwa sheria ya marehemu, na ilikuwa sheria fupi. Jogoo akifikisha mwaka, apimwe asubuhi tatu mfululizo. Asiyefika sekunde kumi asipewe tetea, aende jikoni. Ukimwonea huruma mmoja, alikuwa akisema, baada ya miaka michache una banda zima la kuku wa kawaida wenye miguu mirefu. Yeye mwenyewe alikuwa na mtindo wa kuwatia majogoo vijana kwenye kapu, mmojammoja, na kwenda nao karakanani kuwapima huko. Mwalimu aliuona mtindo huo kuwa ni ulimbwende wa mwanamume anayetaka wateja wamsifu. Alipobaki peke yake aliacha mzunguko huo. Aliwapima nyumbani, juu ya ukuta wa uani, kwa ile saa ya kupimia mbio aliyostaafu nayo na ambayo hadi leo ilining'inia shingoni mwake, na aliamini kwamba ameiboresha kazi.

Kwa miaka sita hakufaulu hata mmoja. Wa mwisho alikuwa mbaya kuliko wote. Alipanda ukutani, akatoa sauti ya sekunde tatu, akageuka kutazama nyuma kama mtu aliyetaja jina la mkubwa wake kazini, akashuka. Asubuhi ya pili na ya tatu hakutoa hata hiyo. Mwalimu akamwita Bubu, na miezi mitano iliyopita akampa shemeji, miguu imefungwa, pamoja na kitunguu.

Shemeji alikuwa anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Shemeji, nikuulize kitu cha kijinga."

"Lini umewahi kuuliza cha maana?"

"Hivi jogoo bubu anafaa? Yaani, tuseme yupo. Hajui kuwika, lakini yupo."

"Angefaa," Mwalimu alisema. "Ningempandisha kwa wa kijani, maana wa pete nyekundu ni mama yake. Ningechagua kati ya watoto, nikachagua kati ya wajukuu, na baada ya miaka sita au saba sauti ingerudi. Ningekuwa kikongwe, lakini ingerudi. Unamsema Bubu? Bubu si ulimla?"

"Mm."

"Tena nilipokupigia simu ukasema mchuzi wake ulikuwa mtamu."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema umelamba vidole."

Shemeji aliweka kijiko chini. Alijifuta uso kwa kiganja, kuanzia paji hadi kidevu, kama mtu anayenawa bila maji.

"Shemeji, sikulamba kitu. Siku ile tulikula maharage."

Nje, tetea mmoja alikuwa anaparua mchanga. Mwalimu alisikia kila ukucha.

"Yuko wapi?"

"Karakanani. Kwa nyuma, kwenye kibanda cha matairi mabovu. Nimemwekea na kichanja."

"Mzima?"

"Mzima kuliko mimi."

Mwalimu alijikuta amesimama, kisha ameketi, kisha amesimama tena, na mkate uko mkononi na hajui kama alitaka kuukata au kumpiga nao. Machozi ambayo hayakutoka stoo yalitoka sasa, yote kwa mara moja, na yalikuwa matamu. Alimtukana shemeji yake mwongo, mzushi, mtu asiye na haya, na kila tusi lilikuwa linampunguzia mzigo kifuani.

"Miezi mitano! Miezi mitano unakaa hapa kila Jumapili unakunywa chai yangu!"

"Nisikilize basi. Nilimfunga pale nyuma nikasema nitamchinja kesho. Kesho ikawa na kazi. Siku ya pili ukapiga simu kuuliza kama tumemla, nami nikaona aibu kwamba sijamchinja, nikasema ndiyo, tena mtamu. Siku ya tatu nimekwenda na kisu, nimefungua mlango, akawika." Alimeza mate. "Aliwika, shemeji. Nikabaki na kisu mkononi kama mjinga. Ilikuwa kama kaka amekuja kufungua karakana. Mimi mkono haukuinuka. Na ule uongo, nikishausifia na mchuzi, ningeurudisha vipi?"

"Ningekusamehe."

"Ungenikumbusha sheria ya kaka. Mimi na sheria za kaka unatujua."

Mwalimu alimjua. Alijifuta macho kwa ncha ya khanga, na ndipo lile neno likamfikia, limechelewa.

"Umesema aliwika."

"Aliwika."

"Sekunde tatu."

"Mimi sina saa. Lakini alipoanza nilikuwa natia tairi upepo, halafu lilijaa yeye hajamaliza."

"Hiyo siku si ulikuwa na kisu?"

"Siku nyingine, shemeji! Anawika kila siku! Mara nane, mara tisa!"

Mwalimu alimtazama kwa jicho alilokuwa akiwatazamia watoto waliodai wamekimbia mizunguko minne wakati yeye amehesabu mitatu. Kisha akachukua viatu.

Karakana ilikuwa mtaa wa nne kutoka nyumbani, katikati ya ghala la magunia na duka la fotokopi. Ndani kulikuwa na harufu ya mpira na grisi, magurudumu yamening'inia darini kwa kulabu, spoku zimepangwa kwenye makopo kwa urefu wake, jinsi marehemu alivyoziacha. Walipita hadi nyuma. Shemeji aliinua komeo la kibanda.

Bubu alikuwa amesimama juu ya rundo la matairi.

Alikuwa amekuwa jogoo. Shingo ya shaba, mwili mweusi unaong'aa kijani ukigeuka juani, miguu mirefu iliyonyooka, upanga mwekundu usio na doa. Mwalimu alimkamata kwa ustadi wake wa siku zote, mkono mmoja kifuani na mwingine juu ya mabawa, akamgeuza kusoma pete. Nyekundu, mkato mmoja pembeni. Ndiye. Alimpapasa kifua, akamtazama macho na kucha, akamsikiliza anavyohema. Hakuwa na kasoro. Mwalimu alishusha pumzi ndefu iliyokuwa imekaa ndani yake siku kumi na sita, na kwa muda hakujali kama kiumbe huyu anawika, anaimba au anapiga chafya. Yupo. Ukoo upo.

Alimrudisha juu ya matairi, akavuta kreti tupu akaketi, akashika saa ya mbio.

"Haya," alisema. "Nisikie."

Bubu alimtazama kwa jicho la kulia. Akageuka akamtazama kwa la kushoto. Akadonoa kitu kilichokuwa hakipo.

Dakika kumi zikapita. Shemeji alikohoa, akajaribu kupiga mluzi, akajaribu kuwika mwenyewe, na Bubu akamwangalia kwa masikitiko. Dakika ishirini. Shemeji akaanza kutoka jasho.

"Naapa anawika."

"Kama ulivyoapa mchuzi."

"Mchuzi sikuuapia!"

Kichwa cha mwanamke kilijitokeza juu ya ukuta wa mabati. Alikuwa dada wa duka la fotokopi, miwani kichwani, anafungua nusu siku Jumapili kwa ajili ya wanafunzi wenye fomu.

"Mnamsubiri aimbe?" aliuliza. "Leo ameshaimba mara tatu. Mkimkodolea macho hivyo haimbi, ana haya. Ongeeni mambo yenu."

"Huwa anawika kwa muda gani?" Mwalimu aliuliza.

"Kurasa kumi na moja."

"Kurasa?"

"Mashine yangu inatoa ukurasa kila sekunde mbili, mama, haizidi haipungui. Akianza nami nabonyeza. Anamaliza kwenye wa kumi na moja. Juzi alifika wa kumi na mbili, kuna mteja shahidi, alikuwa anatoa nakala za cheti. Mwanzoni nilimlalamikia huyu fundi kila siku. Siku hizi asipoimba naenda kuchungulia kama anaumwa."

Mwalimu alizidisha kichwani, akadhani amekosea, akazidisha tena. Mara mbili kumi na moja. Pumzi katika ubora wake hakuwahi kuifikia.

Ndipo Bubu akanyoosha shingo.

Sauti ilianza chini, nzito, ikapanda mpaka juu na kukaa hapo. Mwalimu alibonyeza saa. Sauti haikuyumba. Ilikuwa nene, safi, ikajaza kibanda, ikatoka kwenye mabati, ikapita juu ya ukuta, na kutoka ng'ambo ya pili ikasikika mashine ya fotokopi imeanza kutema karatasi. Shingo ya Bubu ikaanza kushuka. Ikashuka kifuani, ikashuka magotini, na sauti bado, na bado, nyembamba sasa lakini haijakatika, hadi mdomo wake ukagusa mpira wa tairi la juu kabisa, na pale ikaisha kwa mlio mdogo kama mlango uliofungwa kwa upole. Bubu akayumba, akajishika, akajikung'uta mabawa.

"Kumi na moja na nusu!" dada wa fotokopi alipiga kelele. "Huu mmoja umekwama!"

Mwalimu alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili. Shemeji alipomtazama, aligeuza uso na kujidai anapanga matairi.

"Kwangu hakuwika," Mwalimu alisema akishusha mikono. "Asubuhi tatu. Nilisimama pale pale chini ya ukuta. Kwa nini kwangu hakuwika?"

"Angewikaje na mzee wake yupo anamsikia?" Shemeji alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. "Si ndiyo maana kaka alikuwa anawaleta huku? Alisema kijana hatoi sauti yote mbele ya baba yake. Lazima umpeleke asikomsikia, umwache siku mbili tatu, ndipo umpime."

Mwalimu alimkazia macho.

"Nilidhani unajua," shemeji aliongeza, na sauti ikampungua. "Mimi sikuulizwa. Na kaka akiongea nami ilikuwa ni kazi tu, sikudhani ni siri."

Haikuwa siri. Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache, aliona jambo liko wazi, hakulisema. Yeye alikuwa mtu wa kujiamini, aliona jambo ni ulimbwende, hakuliuliza. Katikati ya hao wawili ndipo majogoo walipopotelea. Aliwahesabu kwa vidole, akakumbuka rangi ya kila mmoja na chakula alichokula naye. Saba kabla ya Bubu. Saba waliopanda ukutani, wakamsikia baba yao kule bandani, wakanyamaza kwa adabu, na kuliwa kwa ajili ya adabu hiyo. Iliuma, na aliacha iume, kwa sababu ilistahili.

"Pengine watatu kati yao walikuwa mabubu kweli," shemeji alisema.

"Pengine."

"Na mmoja alikuwa mgumu, nakumbuka. Huyo alistahili."

Mwalimu alicheka bila kutaka, na cheko lilipotoka halikurudi. Alicheka mpaka akashika ubavu, mpaka dada wa fotokopi akauliza kuna nini na yeye akacheka bila kuambiwa. Jogoo yupo, sauti ipo, wa kijani bado anataga. Angeweza kulia kesho.

Walimbeba Bubu kwenye kapu nyuma ya baiskeli, shemeji akiikokota na Mwalimu akishika kifuniko. Walipofika uani, Mwalimu aliinama kufungua kapu, na saa ikagonga ukingo wake. Aliitazama. Tarakimu zilikuwa bado zinakimbia. Alikuwa ameibonyeza kuanza, na kwa mara ya kwanza tangu alipoajiriwa, hakuibonyeza kusimama.

"Inasema ngapi?" shemeji aliuliza.

"Saa moja na dakika nane."

"Basi huyo hana mpinzani," alisema shemeji. "Andika kwenye daftari."

Aliandika, lakini si hivyo. Kwenye safu ya sekunde, chini ya namba za mumewe zilizonyooka kama spoku, aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: *kurasa kumi na moja na nusu*.

Bubu hakuwika siku ya kwanza uani, wala ya pili. Alizunguka, akadonoa kila pembe, akasimama mbele ya kichanja cha Pumzi bila kukipanda. Mwalimu alijikataza kumkodolea macho. Alifua, akafagia, akaimba nyimbo za gwaride la shule. Siku ya tatu alikuwa anaanika mashuka Bubu alipopanda ukutani, akageuka kutazama nyuma kama zamani, hakuona mtu wa kumwogopa, akawika yote. Jirani alipiga makofi dirishani. Mwalimu aliegemea kamba ya nguo, shuka likimlowesha bega, mpaka sauti ilipokwisha.

Wa kijani alitaga mayai saba tangu hapo, kisha akafunga kazi kama ilivyotarajiwa. Yaya alikuwa amewekewa mayai ya mbao asikate tamaa, na alipobadilishiwa kwa ya kweli alimdonoa Mwalimu mkononi, kisha akayapanga kwa mdomo na kujifanya hajaona tofauti.

Siku ya saba ya kuatamia iliangukia Jumapili. Shemeji alikuja na mkate, na Mwalimu hakumwelekeza kwenye kiti. Alimwita stoo.

"Mimi?" Shemeji alisimama mlangoni. "Kaka hakuwahi kuniruhusu humu. Alisema nina mikono ya nyundo."

"Nawe ulisemaje?"

"Nilisema ndiyo kaka."

"Ingia, funga mlango. Shika tochi."

Waliketi magoti yakigusana na boksi, blanketi dirishani. Mwalimu aliweka yai la kwanza juu ya tundu. Alikuwa amejiandaa kwa njano tupu. Alikuwa amejiandaa vizuri kiasi kwamba alipoona doa jekundu alidhani ni uchafu wa ganda, akalifuta kwa kidole gumba. Halikufutika. Lilikuwa ndani, dogo kama kichwa cha kiberiti, na mishipa imetambaa toka kwake pande zote, na alipotulia kabisa aliona linapigapiga.

La pili likawa hivyo. La tatu tupu. La nne, la tano. La sita tupu. La saba.

"Matano," alisema, na sauti ilimkatika katikati. "Matano kati ya saba, shemeji. Tumepona."

Shemeji alikuwa ameinama juu ya yai la saba, uso umemulikwa kwa chini, midomo imekaza, na Mwalimu akamwona tena yule wa zamani, aliyekuwa akikaa kwenye kiti tangu saa nne hadi saa saba.

"Sema," alimwambia kwa upole. "Wewe ndiye uliyemwacha hai. Sema unalotaka."

"Nilikuwa nafikiri," shemeji alisema polepole, "huyu Bubu tumtafutie jina jingine. Ni aibu. Jogoo wa kurasa kumi na moja na nusu, anaitwa Bubu."

"Hapana. Abaki na jina lake." Mwalimu alilichukua yai, lenye joto la Yaya bado, akalirudisha kwenye kikapu. "Nataka kila nikimwita nikumbuke kwamba alikuwa na sauti siku zote, na mimi ndiye niliyesimama naye mahali pabaya."

Akaivua saa ya mbio shingoni. Ilikuwa imekaa hapo muda mrefu hata ukanda umeacha alama, na shingo ilihisi wepesi wa ajabu.

"Hii ikatundike karakanani, kwenye ule msumari wa mlangoni," alisema. "Hawa wakifikisha mwaka nawaleta kwako. Utawapima wewe."

"Mimi na dada wa fotokopi."

"Wewe na dada wa fotokopi."

Shemeji aliivaa, akaiweka sawa kifuani, akanyanyua kidevu. Kisha akafungua mlango wa stoo na mwanga ukaingia wote.

"Ila shemeji," alisema akiwa anatoka, "yule atakayeshindwa, sitamchinja. Nakwambia mapema nisije nikaanza tena mambo ya mchuzi."

"Usimchinje," Mwalimu alisema. "Mpe muda. Na tukishindwa kabisa, maharage yapo."